Shajara ya ujenzi: bwawa la udongo la shamba, Wilaya ya Wete, Pemba

Mahali ni bonde dogo lenye kijito cha msimu. Pembeni ni mikarafuu na minazi ya mwenye shamba. Mita 250 chini ya tuta yanaanza makonde ya mpunga ya watu wengine, mita 420 ipo nyumba ya kwanza, kisha barabara ya udongo na kalvati lake. Tumeanza kuwataja walio chini kwa sababu vipimo karibu vyote vya bwawa hili vimekatwa kwa kuwaangalia wao. Maji yakitembea mita 2 kwa sekunde, tuta likikatika yatafika nyumba ya kwanza ndani ya dakika 3 na nusu. Muda huo haumtoshi hata mtu aliyelala kuamka na kuwatoa watoto.

Bwawa la shamba binafsi lilipopasuka Solai, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, walikufa watu zaidi ya 40. Letu ni dogo mno mbele ya lile, lakini makosa yanayoua ni yale yale: maji ya ziada kukosa njia, au maji kujitafutia njia ndani ya tuta.

Kabla ya jembe la kwanza

Mwenye shamba aliomba bwawa kubwa kadiri bonde litakavyoruhusu. Tukamuuliza maji ni ya nini, mwezi gani, kwa siku ngapi. Majibu yalikuwa haya: nusu hekta ya tungule, bilingani na mchicha wakati wa kiangazi, baada ya vuli na kabla ya masika, miche 3,000 ya mikarafuu kitaluni, na ng'ombe 12. Tukachukua siku 90 za kutegemea bwawa, 70 kati ya hizo zikiwa za kumwagilia mboga.

Hesabu kwa mita za ujazo: mboga kwa milimita 5 kwa siku ni 25 kila siku, jumla 1,750. Miche kwa nusu lita kila mmoja ni 135. Ng'ombe kwa lita 40 kila mmoja ni 43. Mvuke tumeukadiria 1,500, kwa milimita 5 kwa siku juu ya uso wa maji unaopungua kadiri bwawa linavyoshuka. Kuvuja chini na pembeni 500. Ya chini kabisa yenye tope, ambayo hayavutwi, 400. Jumla 4,328.

Bonde lenyewe tulilipima kwa kanuni ya haraka: upana wa maji kwenye tuta, mara umbali yanaorudi nyuma, mara kina, kisha gawanya kwa 6. Mita 62 × 140 × 3.2 ÷ 6 inatoa 4,629. Inatosha, na ndipo tuliposimama. Kila nusu mita ya kina inayoongezwa bila kazi maalumu ni uzito unaosukuma tuta bure na uso mpana zaidi wa kupoteza mvuke. Tazama ule mvuke ulivyo mkubwa: unakaribia maji yote ya mboga.

Taarifa imepelekwa kwa sheha na maombi ya kibali cha mazingira yamepelekwa ZEMA, mamlaka ya usimamizi wa mazingira Zanzibar. Wakulima wa mpunga waliitwa bondeni kabla ya kuchora chochote, wakaonyesha alama za mafuriko ya masika kwenye minazi. Alama zile zilitufaa kuliko ramani.

Wiki ya 1 na 2 (Juni, masika yamekwisha): udongo

Yamechimbwa mashimo tisa ya majaribio, kina mita 2 kila moja. Mawili kati yake ni ya udongo wa kujengea, A na B. Udongo mweusi wa mpungani umekataliwa wote. Una majani na mizizi iliyooza, unashuka na kufinyaa.

Shimo A, kwenye mteremko wa kushoto, lina udongo mwekundu. Chupani (udongo theluthi, maji, tikisa, acha siku nzima) matabaka yalipimwa: mchanga asilimia 52, vumbi laini 20, mfinyanzi 28. Huu ndio unaotakiwa. Mfinyanzi mtupu si bora zaidi kama wengi wanavyodhani, kwani hupasuka ukikauka na huteleza ukilowa.

Shimo B lilionekana sawa kwa macho na kwa mkono. Tofauti ilijitokeza kwenye glasi. Chukua kokwa la udongo ukubwa wa punje ya kunde, litie taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usilitikise. La shimo A lilivunjika likabaki rundo dogo chini, maji yakiwa safi. La shimo B, baada ya dakika kumi, lilizungukwa na wingu jeupe kama maziwa lililotambaa chini ya glasi yote. Huo ni udongo unaojiyeyusha wenyewe: ufa mdogo tu ukipitisha maji, chembe zinaondoka nayo na ufa unageuka bomba. Unaweza kuushindilia kwa ustadi wote na bado ukakatika. Shimo B limefungwa, halitumiki hata kwa kujazia ukingo. Tumelirudia jaribio mara tatu kwa maji ya mvua. Maji ya kisima yana chumvichumvi na huweza kuuficha ubaya huu.

Wiki ya 3: msingi

Eneo lote la tuta (upana wa chini mita 26 katikati ya bonde) limekwanguliwa sentimita 40, na penye tope jeusi hadi 70. Visiki vinne vya minazi vimeng'olewa pamoja na mizizi. Kisiki kinachofukiwa huoza kwa miaka, kikaacha tundu la upana wa mkono.

Kushoto kimeonekana kichuguu cha mchwa kilicholala nusu ndani ya mstari wa tuta. Tulikifuata mita 1.8 chini hadi vyumba vya mchwa vikaisha, kisha tukajaza udongo wa shimo A kwa matabaka ya sentimita 10, ukishindiliwa kwa mashine ya kudundia. Mahali hapa pamewekwa kijiti chekundu. Ni pa kuangaliwa wakati wa kujaza.

Katikati ya tuta, urefu wote, umechimbwa mtaro wa ufunguo: upana mita 2.5, kina mita 1.2 hadi 1.6, mpaka kufikia udongo mgumu usiopitisha maji. Kazi yake ni kukata njia ya maji chini ya tuta. Mtaro ulikuwa na maji kidogo upande wa kijito. Yalipompwa hadi mwisho kabla ya tabaka la kwanza, kwa sababu udongo unaomwagwa majini haushindiliki.

Wiki ya 4: bomba

Mchoro wa mwanzo ulikuwa na bomba la milimita 110 lenye valvu upande wa nyuma, nje ya tuta. Yamebadilishwa mambo mawili. Bomba sasa ni milimita 160, ili bwawa liweze kuteremshwa haraka panapotokea hatari: likiwa limejaa hutoa takriban lita 50 kwa sekunde, na bwawa zima hutoka kwa siku mbili au tatu. Valvu imehamishiwa mbele, upande wa maji, ikifungwa na kufunguliwa kwa fimbo ya chuma iliyolala juu ya mteremko. Valvu ikiwa nyuma, bomba hukaa na msukumo wa maji mwaka mzima ndani ya tuta, na kiungo kimoja kikilegea maji hunyunyiza udongo kutoka ndani bila mtu kuona.

Bomba limelazwa kwenye mfereji uliochongwa katika ardhi ya asili, halikupitishwa ndani ya udongo wa kujaza, na limezungushiwa zege. Pande za zege zimelazwa kwa mteremko ili udongo ubanwe juu yake, usibaki uwazi chini ya mbavu. Theluthi ya nyuma ya bomba imezungukwa na mchanga mnene uliooshwa, unene sentimita 60 kila upande. Mchanga huo ndio mlinzi: maji yakifuata ukuta wa bomba yanaingia mchangani, yanatoka, chembe za udongo zinabaki. Mchanga wa ufukweni haukutumika, una chumvi na vipande vya kombe.

Kama kazi ingekuwa ya kumwagilia tu, tungeshauri bomba la kuvuta maji juu ya tuta, bila kulitoboa kabisa. Hapa tumelitoboa kwa sababu ya kuteremsha maji wakati wa dharura.

Wiki ya 5 hadi 9: tuta

Vipimo: upana wa juu mita 3, mteremko wa mbele 1 kwa 3 (kimo mita 1, ulalo mita 3), wa nyuma 1 kwa 2.5, kimo cha mwisho mita 4.2, lakini linajengwa mita 4.5 katikati kwa sababu udongo utakaa. Udongo ulioshindiliwa ni kiasi cha mita za ujazo 2,000.

Tabaka ni sentimita 20 za udongo uliolegea, zinazobaki 15. Rola ya meno inapita mara 8. Kabla ya tabaka jipya, la chini linakwaruzwa sentimita 5 ili mawili yashikane. Tabaka laini juu ya tabaka laini ni sawa na karatasi mbili zilizopangwa, na maji hupita katikati.

Unyevu unapimwa kwa mkono kila tipa inapomwaga. Finyanga tonge, liachie kutoka kimo cha kiuno. Likivunjika vipande vitatu vinne, sawa. Likisambaratika kuwa vumbi, nyunyiza maji, geuza, subiri. Likijibamiza kama tope, tandaza likauke.

Kila tabaka la tatu limepimwa uzito. Kitundu kinachimbwa, udongo wake wote unatiwa ndoo na kupimwa kwa mizani ya dukani. Kitundu kinatandikwa mfuko wa plastiki na kujazwa maji kwa chupa yenye vipimo. Mfano, tabaka la 12: kilo 3.10 kutoka kitundu cha lita 1.60, yaani 1.94 kwa lita. Gramu 500 za udongo huo zilikaangwa juu ya jiko la mkaa hadi zikabaki 427, kwa hiyo unyevu ni asilimia 17. Uzito mkavu ni 1.66. Kiwango cha juu cha maabara kwa shimo A kilikuwa 1.74, hivyo tumefika asilimia 95. Limepita.

Tabaka la 17, ukingo wa kulia, halikupita: asilimia 85. Rola ilikuwa haifiki pembeni na dereva alikuwa akigeuzia hapo hapo. Matabaka mawili yamechimbuliwa urefu wa mita 11 na kurudiwa. Tangu hapo kila tabaka linatandazwa sentimita 40 nje ya mstari wa mteremko, linashindiliwa, kisha ukingo uliolegea unakatwa kwa kijiko, yaani mashine ya kuchimbia. Gharama imeongezeka, na ni gharama halali.

Mvua za kipupwe zimesimamisha kazi siku sita. Jioni yenye wingu, uso wa tuta unapitishwa magurudumu laini na kuachwa na mteremko kidogo ili maji yatiririke. Asubuhi yake tope la juu linakwanguliwa kabla ya kuendelea.

Wiki ya 10: utoro

Utoro ndio njia ya maji ya ziada, na kama fedha zitapungua basi zipungue pengine. Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake. Saa moja tu ya maji mengi huanza kulimega kutoka nyuma.

Eneo linaloleta maji bondeni ni hekta 18. Tumechukua mvua kali ya milimita 150 kwa saa na nusu yake kutiririka: 0.5 × 150 × 18 ÷ 360, ambayo ni mita za ujazo 3.75 kwa sekunde. Utoro wenye nyasi, maji yakipita kwa kina cha sentimita 40, hupitisha takriban 0.38 kwa kila mita ya upana. Unahitajika upana wa mita 10. Mchoro wa mwanzo ulikuwa na mita 4.

Umechongwa kwenye ardhi ya asili, ng'ambo ya ncha ya kulia ya tuta, hauko juu ya udongo wa kujaza. Kizingiti kiko mita 1 chini ya uso wa tuta: sentimita 40 za maji yanayopita, 60 za kubaki kavu kwa ajili ya mawimbi na kukaa kwa udongo. Kizingiti kimepimwa kwa mpira wa maji mwangavu kila mita. Tofauti isizidi sentimita 2, la sivyo maji hukusanyika upande mmoja na kuchimba. Mfereji unateremka polepole hadi kijitoni, mita 35 kutoka mguu wa tuta, na mwisho wake umetandikwa mawe.

Limekuja ombi la kupanga viroba vya mchanga kwenye kizingiti, sentimita 30, ili yapatikane maji zaidi. Ni kweli yangeongezeka mita za ujazo kama 1,300. Lakini katika mvua ile ile kubwa zingebaki sentimita 30 tu za tuta kavu, na tuta likikaa kidogo katikati hata hizo zinapungua. Isitoshe, viroba haviondoki kimoja kimoja: vikisukumwa huondoka vyote pamoja, na wimbi lake linawafikia wenye mpunga. Ombi limekataliwa kwa maandishi. Hali kadhalika wavu wa kuzuia samaki. Wavu hushika makuti na majani, na baada ya nusu saa utoro unakuwa umezibwa.

Wiki ya 11

Ukoka umepandikizwa vipande kila sentimita 20 kwenye mteremko wa nyuma, uso wa tuta na utoro mzima. Mbele, mahali mawimbi yanapopiga, mawe ya mkono yamepangwa mita 1 juu na chini ya mstari wa maji. Hakuna mti wala mgomba juu ya tuta.

Oktoba hadi Desemba: kujaza

Tumechagua bwawa lijae mara ya kwanza kwa vuli. Masika hulijaza kwa siku chache, na tuta jipya halijui bado litavuja wapi. Bwawa la Teton katika jimbo la Idaho, Marekani, lilikatika tarehe 5 Juni 1976 likijazwa kwa mara ya kwanza. Maji yalijipenyeza ndani kwenye mtaro wake wa ufunguo, na asubuhi ile dalili ya kuonekana kwa macho ilikuwa maji machafu yakitoka nyuma.

Mpango: valvu wazi nusu, maji yasipande zaidi ya sentimita 30 kwa siku, na kila mita moja ya kina yasimamishwe siku tano.

Kina mita 1: kukavu nyuma. Kina mita 2: unyevu kwenye mguu wa tuta, mita 3 kutoka kijiti chekundu cha kichuguu. Kina mita 2.6: maji yanachirizika. Tulikinga kwenye chupa nyeupe na kuiweka juani. Safi kabisa, hayakuacha hata unga chini baada ya usiku mzima. Maji safi yanayovuja ni hasara, maji ya rangi ya chai ya maziwa ni hatari. Ndoo ya lita 10 ilijaa kwa sekunde 95, karibu mita za ujazo 9 kwa siku. Kwa siku 90 ni zaidi ya 800, yaani inazidi zile 500 za kuvuja tulizoweka kwenye hesabu.

Hatukuziba kwa nyuma. Kuziba kunayafungia maji ndani na kuyatafutia pengine pa kutokea. Umechimbwa mtaro wa kina cha nusu mita mguuni, urefu mita 9, ukajazwa mchanga uliooshwa, kisha kokoto, kisha bomba lenye matundu linalotoka kwenye kijisima cha kupimia. Mbele, penye kichuguu, bwawa lilishushwa sentimita 30 kwa siku hadi pakawa wazi, na kushindiliwa blanketi la udongo wa shimo A, nusu mita. Halishushwi haraka zaidi ya hapo bila dharura, kwani mteremko wa mbele ukiwa umeshiba maji na bwawa likaondoka ghafla, unateleza wenyewe.

Baada ya kujaza tena hadi mita 2.6, ndoo hujaa kwa sekunde 190. Maji safi.

Januari: kichocho

Usalama wa bwawa Pemba hauishii kwenye tuta. Kichocho cha mkojo kipo kisiwani kwa muda mrefu, na konokono wake, Bulinus globosus, anapenda hasa maji yaliyotulia yenye majani pembezoni. Tumefanya haya: uzio kuzunguka ukingo, ng'ombe wananyweshwa kwenye birika la zege nyuma ya tuta, majani ya majini yanang'olewa kila wiki mbili, choo kimejengwa mita 60 kutoka maji, mpiga pampu anavaa mabuti. Mwalimu wa skuli na sheha wamekubali kuwaeleza watoto kwamba hapa haogwi wala hakukojolewi. Konokono watano wa umbo hilo wameshaonekana upande wa juu. Ndiyo maana uzio ulitangulia pampu.

Kabla ya masika: yaliyobaki

Uso wa tuta katikati umekaa sentimita 11, bado uko juu ya kimo kilichotakiwa. Utapimwa tena mwisho wa Februari.

Tundu mbili za panya zimepatikana mteremko wa nyuma. Zimechimbuliwa hadi mwisho na kushindiliwa. Nyasi zikatwe fupi, kimo cha kifundo cha mguu, ili tundu lionekane.

Makubaliano na sheha yameandikwa. Mlinzi anakagua asubuhi na jioni, na kila saa mvua kubwa ikinyesha. Dalili nne zinamfanya apige simu bila kumwuliza mwenye shamba: maji ya tope kutoka nyuma, ndoo ya kijisima kujaa chini ya sekunde 60, ufa unaokwenda sambamba na tuta, au maji ya utoro kufika alama nyekundu ya sentimita 50. Akipiga simu, tangazo linatoka kwenye spika ya msikiti na watu wa nyumba za bondeni wanapanda upande wa mikarafuu. Wakati huo huo valvu inafunguliwa yote. Jaribio la kwanza, Ijumaa baada ya sala: dakika 14 kutoka simu hadi mtu wa mwisho kupanda. Aliyechelewa ni bibi wa nyumba ya kwanza; jirani wawili wamepangiwa kumchukua. Jaribio la pili litafanywa usiku.

Valvu inazungushwa mara moja kwa mwezi, hata kama maji hayahitajiki, na kupakwa grisi. Leo imefunguka kwa mizunguko 14 bila kukwama.